Mpeleka Barua Aliyeogopa Kuomba Maji

Mheshimiwa Meneja wa Posta, wazee wetu, ndugu wafanyakazi, majirani mliojibana ukumbini humu, na baba yangu mzazi, mnayemwita Marehemu ingawa amekaa pale akitupia jicho meza ya chakula: hamjambo?

Nimeombwa nimuage mpeleka barua wetu, anayestaafu leo, kwa niaba ya mtaa. Wageni mtaniuliza, mtu mpole kama huyu, mtaa mzima ulimwogopaje?

Wakati wa vita, taarifa za askari waliouawa zilipitia mikononi mwake, naye hakukubali kumkabidhi mtu taarifa ya namna hiyo mlangoni. Aliomba maji ya kunywa, akakaribishwa ndani, akaketi, ndipo akasema. Alitaka mke wa mtu awe ameshakaa, na macho ya mtaa yamebaki nje. Lakini umbea wetu mnaujua. Tukaing'amua siri hiyo mapema. Basi maskini wa Mungu akawa anazunguka na baiskeli jua la utosini, koo limemkauka, asithubutu kuomba hata tone.

Siku moja kiu ikamzidi, akajisahau mlangoni kwetu, baba akiwa vitani. "Shemeji, nisaidie maji." Mama yangu aliangua kilio kilichowatoa majirani majikoni, na shangazi akaanza kupanga viti vya msiba. Mwenzenu wa posta akapunga barua hewani, akiapa kwamba ni mwandiko wa baba mwenyewe, mzima wa afya, anaomba soksi. Nani alimsikiliza? Bibi alimtimua kwa ufagio mpaka barabarani. Barua ilisomwa baadaye, vicheko vikachanganyika na machozi, na jina la Marehemu likamganda baba tangu hapo.

Tunacheka kwa sababu kwetu ilikuwa kiu tu. Zipo nyumba ambako haikuwa kiu. Huko aliegesha baiskeli, akawapikia watoto, akabaki mpaka ndugu wa mfiwa wafike. Barua za wengine zilichelewa, akagombezwa kazini, wala hakujitetea. Mheshimiwa Meneja, leo msameheni.

Dada yetu wa nyumba ya kona, mjane wa vita, ameshindwa kusimama hapa. Mzee wetu wa barua, amenituma kwako: "Mwambie habari aliyoniletea ilinivunja, lakini hakuniacha niipokee peke yangu."

Nendeni mkampe mkono mpeleka barua wetu. Nami nawashukuru kwa kunitegea masikio.