Unga Kiganjani

Kwenye kamyo, lori lililotubeba kutoka Baraka, mpishi wa mapadri Waitalia alipakata mashine mpya ya mkono ya kusagia kahawa. Mama mmoja wa kijiji cha Lubondja, aliyekalia gunia lake la kahawa, akamcheka: "Baba, mashine ya nini na kinu iko?"

"Kinu inatwanga vile inataka, mama. Kahawa yabo ya kikombe kidogo inaomba unga laini, tena sawasawa. Ikibaki vipande, maji inapita bure."

Mpishi alikaza skrubu, akasaga punje za kukaanga alizobeba, akamtilia unga kiganjani. Mama akanusa, akafumba macho kilima kizima, nilidhani anasali. "Miaka makumi mbili nalimaka kahawa," akasema, "tunauzisha yote. Kumbe inanukaka hivi?"

Kamyo ikasimama Fizi. Mnunuzi wa kahawa, beji ya chama cha ushirika kifuani, akamnyooshea mkono. Mama akamsalimia kwa mkono wa kushoto. Wa kuume, wenye unga, aliufumba, hakuufungua.