Jina la Kimya Nililompa Mdogo Wangu Tamio

Marehemu Onozuka Tamio alizaliwa tarehe 9 Februari 1951 hapa hapa Kuramizu, mtoto wa tano na wa mwisho wa Mzee Onozuka Eikichi, mchoma mkaa, na mkewe Kise. Mwaka ule theluji ilifika dirisha la ghorofani, na mkunga aliingilia hapo hapo dirishani, akitanguliza miguu, huku akilalamika, "Na huyu naye hakuona mwezi mwingine wa kuja?" Kati yetu watano, tuliokua tukawa watu wazima ni wawili tu, yeye na mimi dada yake Yone.

Mnaonijua mnajua kwamba sikusoma. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja alipozaliwa, nikafungiwa yeye mgongoni, na mtoto akilia darasani mwalimu anakutoa nje wewe na mtoto. Tamio alilia sana. Kwa hiyo herufi ninazozijua ni zile za mwanzo, na karatasi hii nimeiandika kwa hizo hizo. Kasisi wa hekalu letu alijitolea kuniandikia, nikakataa. Anayewasomea ni Minori, binti wa marehemu, naye nimemwambia asirekebishe kitu hata pale atakapotaka kunihurumia.

Marehemu alianza shule ya msingi ya Kuramizu Aprili 1957. Baadaye alikwenda sekondari ya ufundi Nagaoka, upande wa umeme, akamaliza Machi 1969. Wakati huo mimi nilikuwa kiwandani nafuma hariri ili yeye asome, na hilo nilijivunia na bado najivunia. Wazee wenzangu watakumbuka mwaka 1963. Ushirika wa wakulima ulikuwa na kinasa sauti kimoja, kikubwa kama sanduku la nguo, cha kurekodia hotuba za mwenyekiti. Tamio alikiazima bila kuomba. Mkutano ulipofika, mwenyekiti akabonyeza ili tusikie hotuba yake ya mwaka mpya, ikatoka theluji inaporomoka kutoka paa la hekalu. Gududu. Kimya. Gududu tena.

"Hotuba yangu iko wapi?" mwenyekiti akauliza.

Baba akamjibu, "Iko chini ya theluji, Mwenyekiti."

Ukumbi mzima ulicheka mpaka machozi. Tamio peke yake hakucheka. Alisimama pale na miaka yake kumi na miwili, akasema, "Mmesikia lakini? Ya pili ni nzito kuliko ya kwanza." Nilimvuta sikio mpaka nyumbani. Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyomwonea aibu, na natamani ingekuwa ya mwisho.

Aprili 1969 marehemu alikwenda Osaka, akaajiriwa kwenye kiwanda cha mota za mashine za kufulia nguo. Alifanya kazi hapo miaka arobaini na mbili, hakuchelewa hata siku moja, akastaafu Machi 2011. Hiyo kazi mlikuwa mnaijua. Kazi yake nyingine hamkuijua kwa sababu mimi niliwaficha.

Siku zake za mapumziko alikuwa mpiga muziki wa kelele. Wenyewe wanauita hivyo hivyo, muziki wa kelele, wala hawaoni haya. Wanachukua bati, springi za magari, vinasa sauti vilivyoharibika, wanaunganisha nyaya mpaka mashine inasikia sauti yake yenyewe na kupiga mayowe. Hakuna wimbo ndani yake na hakuna pa kupiga makofi. Marehemu alitoa kanda sitini na tatu, na watu wa nchi za mbali walimwandikia barua kumshukuru. Kuhusu barua hizo nimejua mwezi uliopita tu.

Tarehe 14 Oktoba 1984, Jumapili, chama chetu cha akina mama kilikwenda Osaka kwa basi. Nilikuwa nimewatangazia kwamba mdogo wangu ni mwanamuziki wa mjini. Nikawachukua wanne, tukiwa na kimono zetu za sherehe, tukaenda kumsikiliza saa nane mchana, chini ya ardhi, kwenye kichumba chenye viti kumi na viwili. Tamio akatoka na bati lililofungwa waya. Akaligusa kwa kucha tu, na jengo likatikisika kama lori linamwaga mawe juu ya vichwa vyetu. Aliendelea nusu saa. Alipomaliza alitoa heshima, akainama kwa adabu kabisa kama alivyofunzwa na mama.

Bibi Kuwabara akaniinamia sikioni. "Yone, huyu mdogo wako ana ugomvi na nani?"

Wenzake wakaanza kucheka. Mpaka basi linafika Nagaoka walikuwa bado wanacheka. Mmoja anagonga sahani ya chakula kwa kijiti, mwingine anapokea, "Jamani nyamazeni, tuko kwenye muziki!" Mimi nikaangalia dirishani. Toka siku hiyo, mtu akiniuliza Tamio anafanya nini siku za mapumziko, nilisema anatengeneza redio.

Tarehe 5 Mei 1988 marehemu alifunga ndoa na Chizue, mshonaji wa Sakai, na mwaka 1990 wakampata Minori. Nilimuuliza Chizue siku moja tukimenya figili, "Unavumiliaje wewe?" Akaniambia, "Wifi, nyumbani hasikiki. Kelele zote anazimaliza huko huko. Wa kwako je?" Marehemu mume wangu alikuwa chumba cha pili anakoroma, nikachukua figili nyingine. Chizue alifariki tarehe 30 Machi 2016. Tamio alimuuguza mwenyewe, miezi minane.

Kuanzia mwaka 1993 marehemu alikuja hapa kila majira ya baridi, lakini si kwa mapumziko. Alikuja kurekodi. Alirekodi maji yanayorushwa barabarani kuyeyusha theluji, trekta la kusukumia theluji, kunguru, mfereji wa mpunga ukiwa umeganda juu na unatembea chini. Kabla ya kila sauti alitaja tarehe na mahali, kisha akanyamaza, na mwishoni akataja jina la kile alichokirekodi. Kipaza sauti chake kilivalishwa manyoya kuzuia upepo. Ndiyo maana mwaka wa kwanza polisi walipigiwa simu kwamba kuna mtu anazunguka nyuma ya nyumba za watu na paka aliyekufa kwenye fimbo. Kila mwaka, akishaanza kuzunguka, mimi nilipita nyumba kwa nyumba na maboksi ya maandazi ya maharage kuomba radhi. Nyumba kumi na saba. Hakuna hata mmoja kati yenu aliyenituma. Mlikula maandazi mkasema hakuna shida, na nadhani kweli haikuwapo.

Novemba 2022 madaktari walimwambia mapafu yake yanakauka. Aprili mwaka huu akarudi Kuramizu ili afie nyumbani. Alikuja na mashine ya oksijeni, na siku ya pili tu akawa ameshaibandika kipaza sauti. Akaninyooshea spika za masikioni.

"Dada, hebu sikia. Inapumua kama ng'ombe."

"Mimi nasikia kwa masikio niliyozaliwa nayo."

"Dakika moja tu, Dada."

"Kunywa uji."

Aliniomba hivyo Aprili, akaniomba Juni, akaniomba Agosti. Mara zote nilimpa uji. Alifariki tarehe 8 Septemba 2024, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya wangu, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Sasa naja kwenye kosa langu.

Asubuhi ile Minori alikuwa bado njiani kutoka Osaka. Kasisi alikuja, akasoma sala kichwani pa marehemu, kisha akaniuliza kama anavyowauliza wote, ili apate kumpa jina la safari, lile jipya analopewa kila marehemu, linaloandikwa kwenye kibao na kuchongwa kwenye jiwe. "Bibi Yone, alikuwa mtu wa namna gani? Alipenda nini maishani?"

Mdomo wangu ulikuwa umezoea. Nikasema, "Alitengeneza redio. Alikuwa mtu mtulivu. Alipenda kimya."

Kasisi aliandika jina zuri sana, ambalo maana yake ni Msitu wa Kimya. Akaliweka kwenye kibao cha mti mweupe, mbele ya picha.

Jioni ya mkesha wakaja wenzake marehemu kutoka Osaka, wanane, wazee kwa vijana, mmoja ana pete saba sikioni. Huyo anaitwa Mogami. Alishika udi, akainua macho akasoma kibao. Akasoma tena. Halafu akacheka. Alicheka akapiga magoti, na alipoinua uso nikaona kumbe analia.

"Bibi," akasema, "nani kamfanyia hivi?"

Minori akanigeukia. "Shangazi, ulimwambia nini kasisi?"

"Nilimwambia ukweli. Baba yako alikuwa mtulivu."

"Baba?"

"Nyumbani," nikasema.

Angenigombeza ningejua la kufanya, maana kugombana naweza. Alikwenda tu akakaa na wale wanane, akaniacha na jamaa wa kijijini. Na kwa wiki tatu sote tulimwombea mdogo wangu kwa jina ambalo asingeitika.

Tarehe 1 Oktoba nilikwenda hekaluni kwa miguu. Mchonga mawe alikuwa anakuja Jumatatu. Nikamwambia kasisi nilidanganya, abadilishe jina. Akanisikiliza, akanimiminia chai.

"Sawa. Basi niambie, hizo sauti zake zilikuwaje?"

Nikainua kikombe nikanywa chai yake.

"Hujawahi kusikiliza, Bibi Yone?"

"Nilisikiliza mara moja, mwaka themanini na nne. Nilikuwa natazama watu waliokuwa wananitazama."

"Basi nenda kasikilize. Mchonga mawe nitamsimamisha."

Nikampigia Minori. Alikuja Jumamosi na sanduku la kanda, akanivalisha zile spika. Nilisikiliza siku mbili. Msitegemee niseme nilizipenda. Zile za bati sikuzipenda, ziliniuma meno. Nilikaa nazo hata hivyo mpaka kanda ikaisha. Zile za theluji, nikiri, nilizijua zote kabla hajazitaja, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mwingine anazisikia kama mimi.

Kanda moja haikuwahi kutolewa. Sauti yake inasema: tarehe 15 Februari 1998, Kuramizu, mlangoni kwa Kuwabara. Halafu theluji inakanyagwa. Halafu mwanamke anazungumza, na ilinichukua muda kumjua, kwa sababu anaongea kwa unyenyekevu ambao mimi nadhani sina.

"Tusamehe sana, Bibi Kuwabara. Si mzima yule, mnajua. Kichwa chake hakikukaa sawa toka utotoni. Msimhesabu kwamba ni wa kwetu."

"Yone, wewe! Ni mdogo wako."

"Basi tu. Kuleni maandazi."

Mlango unafungwa. Nyayo zangu zinaondoka. Alikuwa nyuma ya rundo la kuni, kumbe, na alisikia kila neno. Anabaki pale anapumua. Hakuzima. Mwisho anataja jina la sauti aliyorekodi, kama alivyotaja kunguru na mfereji. Anasema, "Dada yangu." Basi.

Usiku huo alikula kwangu, akaniomba nimwongezee supu. Miaka ishirini na sita baadaye aliishi kwangu, akafia kwangu, na hakunitajia kamwe. Mimi ni mtu mkaidi na sijui kuomba radhi kwa ajili yangu mwenyewe. Kwa ajili yake niliomba radhi miaka thelathini, na yeye hakuwa amekosa.

Nilirudi hekaluni nikamweleza kasisi nilichosikia, chote, na hiyo kanda pia. Alisema jina linaweza kubadilishwa kabla ya siku ya arobaini na tisa, siku ya kuzika mifupa. Lakini watu wameshafukiza udi kwa lile la kwanza, akasema, na mimi ndiye niliyelileta, kwa hiyo mimi ndiye wa kuliondoa, kwa maneno yangu, mbele ya watu wale wale. Ndiyo maana leo, tarehe 26 Oktoba, kabla mifupa yake iliyobaki baada ya kuchomwa haijaingia kaburini, Minori anawasomea haya. Bibi Kuwabara umekaa mstari wa mbele, nimekuweka hapo makusudi. Onozuka Tamio hakutengeneza redio. Kichwa chake kilikaa sawa. Alikuwa wa kwetu. Alikuwa mpiga kelele, na mimi nilimkana milangoni kwenu.

Jina lake jipya, lililochongwa kwenye jiwe mnaloliona, maana yake ni Theluji Ivumayo. Lile la kwanza naomba mlisahau.

Marehemu ameacha binti mmoja, Minori. Mkwe mmoja, Haneda Shuji. Mjukuu mmoja, Kanade, mwenye miaka minne. Wenzake wanane wa Osaka, ambao nimetaka waandikwe hapa pamoja na ndugu. Na dada yake, mimi, Yone.

Nimeambiwa karatasi ya namna hii humalizwa kwa kumtakia marehemu utulivu. Huo nilishampa, na nimechukua wiki saba kumtoa ndani yake. Minori akishakunja karatasi, Mogami atawasha mashine, dakika nne, bati na theluji kwa pamoja. Mtasimama wima mpaka iishe, na mimi nitasimama mbele yenu.

Lala salama, Tamio. Usinyamaze.