Bahari ya Mzee Bado

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mchora mabango wa mtaa wetu, yule tuliyemwita Mzee Bado. Nitajitahidi nisikasirike. Siahidi.

Mzee Bado amefariki akiwa na miaka sabini na mmoja. Ameacha mke, binti mmoja, na picha moja ya bahari. Picha hiyo aliichora kwa miaka sita. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: picha moja, miaka sita.

Na hakuwa mvivu, hilo ndilo linaloudhi. Bango la kinyozi pale kona alilimaliza kabla chai yake haijapoa, na herufi zimenyooka mpaka leo. Lakini mkewe alipomwomba amchoree bahari, kazi ikamshinda.

Mama alitaka bahari ya siku moja tu: siku walipovuka kwa meli wakiwa maharusi, mawimbi yakipiga madirisha. Anasema bwana harusi alimshika mkono akimwambia asiogope, huku yeye mwenyewe anatetemeka. Aliiomba picha hiyo kwa sababu daktari wa macho alikuwa amemwambia kwamba nuru yake inapungua na haitarudi. Alitaka aione mapema.

Basi mzee akanunua rangi za mafuta, akasimamisha turubai ya kuchorea sebuleni, akaanza. Juma zima anapaka. Jumapili anarudi nyuma hatua tatu, anakunja uso, anachukua kisu cha rangi na kukwangua wimbi lote. Eti limelala kama shuka iliyopigwa pasi. Ukimuuliza, bado. Mimi mwenyewe nilimwalika kwenye kipindi hiki mara tatu. Mara zote tatu, bado.

Binti yake, ambaye ni mshonaji, aliniambia: "Tulikula jikoni miaka yote hiyo. Sebule ilikuwa ya bahari. Nilimwambia, baba, mama atakosa kuiona. Akaniuliza kama ninajua wimbi linavyovunjika."

Mwaka wa nne, mama akapoteza nuru kabisa. Wasikilizaji, hapo nilimkasirikia, na hasira hiyo sijaimaliza. Siku tatu mzee hakugusa brashi. Kisha akarudi kwenye turubai, nasi tukasema ni ukaidi tu. Sasa alipaka kwa kisu, rangi nene, tabaka juu ya tabaka, mpaka wimbi likavimba unene wa kidole. Hakuna aliyegundua kwamba ameacha kukwangua. Alikataza watu wasiiguse, mama hasa, na hakusema kwa nini. Angesema, angepungukiwa na nini?

Wiki iliyopita, baada ya maziko, binti aligeuza turubai. Nyuma yake palikuwa na maandishi, herufi zile zile za bango: "Hii ni ya kutazamwa kwa vidole. Ikikauka, mpe mama yako."

Nilikuwepo. Binti alimwongoza mama mpaka mbele ya picha. Mimi nikabonyeza pembeni kidogo. Juu rangi imeshika ngozi, ndani ni laini kama siagi. Nikamwambia, mama, tusubiri, haijakauka.

Mama akasema: "Miaka sita ananiambia bado. Amekufa, na rangi yake nayo iniambie bado?"

Akaweka kiganja juu ya wimbi, akakikandamiza. Akapapasa povu, akateremka taratibu mpaka chini. Kisha akasema, "Ni siku ile." Akacheka, akalia, na sisi tukalia naye. Alama ya vidole vyake vitano imebaki katikati ya wimbi, na binti hataki mtu airekebishe.

Mama, pole sana. Binti, pole sana. Mtaa mzima tuko nanyi. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna kitu unamwekea mtu mpaka kikamilike, hebu mpelekee leo, hata kikiwa kibichi. Fikiria nani anakisubiri.

Mzee, pumzika kwa amani. Picha yako imemalizwa na mkeo.