Anayechomoka wa Mwisho

Benchi letu liko nje ya uzio wa chuo, hatua chache kutoka uwanja wa mpira wa kikapu. Mimi nauza kahawa, na benchi ni langu, ingawa wanaolikalia wanajiona wenye nyumba. Kila alasiri wako watatu: Sekunde, fundi saa, Giaboksi, dereva wa lori aliyestaafu kila kitu isipokuwa kuongea, na Kinyozi, ambaye wateja wake humfuata hapo hapo benchini. Binti yangu anachezea timu ya wasichana ya chuo. Mwaka huu amekuja kocha mpya na mtindo wa kuchomoka: mkidaka tu mpira chini ya kikapu chenu, unarushwa mbele na wote mnakimbia, mfunge kabla wapinzani hawajageuka. Binti yangu ndiye anayedaka na kurusha. Asubuhi moja alinikuta nawasha jiko, akaniambia kocha anataka jibu leo, anaendelea na mtindo huu au atafutwe mchezaji mwingine. Nikamwambia arudishe jezi. Kila siku namwona kwa macho yangu, wenzake wanne wameshatoweka, yeye ndiyo kwanza anang'oa mguu. Mitihani nayo hiyo mlangoni. Akasema sawa, akimaliza mazoezi atairudisha.

Kosa langu lilikuwa kuwaambia wa benchini.

— Umefanya la maana, mama, alisema Sekunde. Nimempima wiki nzima. Toka anaporusha mpira mpaka anapopotea nyuma ya ukuta wa stoo, sekunde nne. Wenzake, mbili.

— Umempima kwa saa ipi? aliuliza Kinyozi. Hiyo ya mteja aliyoileta kwa sababu inachelewa?

— Saa haina tatizo, alisema Giaboksi. Tatizo ni uzito. Wale wengine ni pikipiki, yule ni lori. Lori huliwashi ukaondoka papo hapo, unaliacha lingurume kwanza.

— Binti yangu unamwita lori? niliuliza.

— Kwa heshima zote, dada. Lori jipya.

— Mimi nasema nywele, alisema Kinyozi. Zile anazofunga nyuma zinashika upepo. Anipitie nimpunguze, mtaona.

— Wewe hata mtu akifeli hesabu utasema nywele.

— Na wapo waliofaulu baada ya kunyoa. Ushahidi ninao.

Sekunde aliweka kikombe chini, dalili kwamba amepata kubwa zaidi.

— Ni urefu. Kichwa kikiamua kukimbia, ile habari mpaka ifike miguuni kwa mtu mrefu vile, ni safari. Kwa mfupi inateremka mara moja.

— Kwa hiyo twiga anakamatwa na kila mtu?

— Twiga hachezi kikapu.

— Angecheza, asingehitaji kukimbia. Angeweka tu.

Nilicheka, kahawa ikamwagika mezani. Giaboksi hakucheka. Alikuwa ameanza kufikiri, na yeye akifikiri hukunja uso kama anayepanda mlima na mzigo.

— Mimi haraka ya huyu kocha inanisumbua. Tukisafiri malori matano, jeki na minyororo tulimpa wa mwisho. Ukiharibikiwa, aliyeko mbele yako hana habari nawe, ameshakwenda.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo timu inunue jeki.

Ndipo akafika fundi rangi, mwanamume wa makamo, ovaroli yote madoadoa meupe. Wiki nzima alikuwa juu ya ngazi akipaka ghorofa ya bweni linalotazama uwanja wote. Aliomba kikombe, akasikiliza kidogo.

— Mnamsema yule mrefu?

— Huyo huyo, alisema Kinyozi. Na mama yake ndiye huyu, kwa hiyo kunywa taratibu.

— Nilitaka kuuliza tu. Kule ng'ambo ya pili ya uwanja, mpira ukigonga chuma ukarudi, anaudaka nani?

Sekunde alitazama saa yake, kana kwamba jibu lingekuwa humo. Giaboksi alitazama ukuta wa stoo, na mimi nikautazama. Kutoka benchini tunaona kikapu kimoja. Cha pili kiko nyuma ya ukuta, na mechi zenyewe huchezwa ukumbini, saa ambazo mimi niko hapa na birika. Hatukuwahi kukiona hata siku moja. Tulimhukumu mtoto kwa nusu ya uwanja, na aliyemsomea hukumu ni mimi.

Nilivua aproni.

— Mama, nani atatumiminia?

— Mikono mnayo.

Nilizunguka stoo. Miguu iliniuma kama kawaida yake. Wanne walikuja mbio, aliyetangulia akarusha, mpira ukagonga chuma ukarudi. Walikuwa wameshapita chini ya kikapu na mbio zao, hawakuweza kugeuka. Pale walipopaacha wazi ndipo alipofika binti yangu, bila papara, akaudaka kwa mikono miwili kama anayeteremsha sufuria rafuni, akautia ndani. Hakuna aliyepiga makofi. Ikatokea tena. Mara ya tatu ulimponyoka.

Filimbi ikalia. Alikuja akielekea kwa kocha, amebaki na fulana ya ndani, jezi ameikunja mkononi. Akaniona.

— Mama? Kuna nini nyumbani?

— Hakuna kitu.

— Mbona uko huku?

— Nimekuja kutazama. Vaa jezi yako.

— Si asubuhi ulisema...

— Asubuhi nilikuwa sijaona. Ukitaka kuiacha, iache kwa sababu zako. Zangu nimeziondoa.

Kocha alikuwa anasubiri na daftari lake. Binti yangu alisimama kati yetu akihema, jasho likimtiririka shingoni. Kisha akaikunjua jezi, akaanza kutafuta pa kupitisha kichwa.