Tata Tshiamala na Madirisha ya Chumvi

Tarehe 30 Juni 2009, Tata Tshiamala Ntumba anastaafu baada ya miaka thelathini na mitano katika maabara yetu ya Kolwezi. Minne kati yake faili lake linaiita "likizo". Faili hilohilo linasema kwamba mwaka 1993, kabla ya kuondoka, aliiharibu mashine ya infraruji kwa makusudi. Mimi, Numbi, niliyekalia kiti chake, nimeombwa kuandika sifa zake. Basi tuanze na hiyo ya mashine.

Kazi yake ilikuwa geopolimeri, tofali lisiloingia tanuruni: tope la Kingamyambo lililosalia migodini, udongo mweupe uliochomwa, pamoja na maji makali ya soda, vikishikana vyenyewe kuwa jiwe. Sisi wengine tulingoja siku ishirini na nane, tukaliponda tofali ndipo tujue nguvu yake. Yeye alichukua unga wake kidogo, akaupitishia mwanga usioonekana wa infraruji, akatazama mstari uliochorwa na mashine. Bonde la mstari likihamia kulia, alijua chembe zimeshikana. Na aliringa, tusifichane.

Mwanga huo hupita katika madirisha mawili ya chumvi ndani ya mashine. Kila asubuhi alituimbia: "Chumvi habaisukulaka na mayi!" Yaani, chumvi haioshwi kwa maji. Tulimchoka.

Kisha wenye akili wakagundua kwamba kampuni yetu ya migodi imeporomoka kwa sababu ya Wakasai. Tata Tshiamala, Mkasai mzaliwa wa Musonoi, hapahapa Kolwezi, akarudishwa "kwao" Kasai, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Yeye, mkewe Mama Mbombo na watoto walilala stesheni wiki sita wakingoja treni. Walipanda sita, wakashuka watano. Hilo faili halina.

Mimi nilipewa kiti kwa sifa moja kubwa: nilikuwa mwana wa nchi, yaani si Mkasai. Wakubwa walipotangaza kuja, nilitaka mashine ing'ae, nikaifuta kwa kitambaa chenye maji. Nyuso za madirisha zikayeyuka kama sukari kwenye chai, yakabaki na ukungu. Ripoti niliiandika mimi. Aliyekuwa ndani ya treni hangeweza kubisha.

Alirudi 1997. Aliyasugua madirisha yale kwa alkoli siku tatu, mpaka mashine ikaona tena, kisha akamalizia matofali yake. Ndiyo ya ukuta wa nyuma wa maabara; masika kumi na moja yameupiga bure. Miaka yote hiyo alinifundisha kazi, nami nikajidanganya kuwa hajui.

Juma lililopita alinikabidhi funguo. Chini ya funguo palikuwa na kitambaa, kikavu, kimekunjwa vizuri. Mama yangu, aibu niliyoisikia!

Wakubwa, sahihisheni faili: aliyeharibu ni mimi. Tata Tshiamala, asante, na unisamehe. Kapumzike Musonoi, kwenu, na safari hii asikuondoe mtu.