Sura ya Akiba

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukiegemea ukuta wa kibanda cha fundi cherehani, pale barabara ya lami inapokutana na ile ya vumbi. Asubuhi kivuli huwa upande huo, na Mama Birika huweka jiko lake la mkaa pembeni, vikombe vikiwa vimefunikwa kwa kitambaa safi. Wakaaji wake wanajulikana. Yupo Honi, dereva wa gari la mizigo, ambaye huongea kwa sauti ya juu kana kwamba injini bado inanguruma. Yupo Tovuti, aliyejenga ukurasa wa mtandaoni wa kituo cha televisheni cha mji, ambaye hupita kunywa kahawa kabla ya zamu, begi la kompyuta likiwa magotini. Na yupo Fundi mwenyewe. Yeye hakai benchini. Hukaa mlangoni pake nyuma ya cherehani, utepe wa kupimia shingoni, masikio kijiweni na macho kwenye mshono. Asubuhi hiyo cherehani ilikuwa kimya, na Fundi hakuwa na mshono wa kutazama.

— Vipi, Fundi? Mashine imegoma? aliuliza Honi.

— Mashine haina neno. Watu ndio wamegoma.

Akawasimulia. Kwanza alikuja mama mmoja wa mtaa wa pili kuchukua kitambaa chake ambacho hata hakijakatwa. Alikivuta mezani bila salamu, akaondoka akitazama nyuma. Kisha mwanamume asiyemfahamu akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia hongera sana, umetutoa kimasomaso. Halafu jana shemeji yake akapiga simu analia. Aliposikia sauti ya Fundi aliacha kulia, akauliza: ni wewe mwenyewe?

— Ukamjibuje? aliuliza Mama Birika.

— Nikamwambia ni mimi. Akakata simu.

— Kusema kweli hata mimi ningekata, alisema Mama Birika.

Kilichomnyima Fundi usingizi kilikuwa kingine. Shule iliyo nyuma ya soko ilikuwa imempa ahadi ya kushona sare za watoto, na kamati ya wazazi ilikuwa inakaa leo kuipitisha. Tayari alikuwa amemwambia mdogo wake, ambaye yuko nyumbani tu bila kazi, alete cherehani yake waiweke hapo mlangoni, ziwe mbili. Mwalimu aliyeahidi kuleta vipimo hakuonekana.

— Jambo liko wazi, alisema Honi. Una pacha wako. Anazunguka mjini anafanya mambo yake, lawama na sifa zinakuja kwako.

— Mama yangu alinizaa peke yangu.

— Ndivyo alivyokuambia!

Tovuti alicheka, akapuliza kahawa yake.

— Acheni hizo. Biashara ina msimu wake. Watu wamepunguza kushona, basi.

— Na shemeji yake naye anamlilia kwa sababu amepunguza kushona? alidakia Honi.

— Mimi nasema ni kile kioo, alisema Mama Birika, akinyoosha kidole ndani ya kibanda. Kinanenepesha. Mwanamke akijitazama mle anajichukia, na akishajichukia anakuchukia na wewe.

— Na yule wa hongera, mama?

— Yule alikuwa mwembamba.

Honi alijipiga paja. Akainuka kabisa, maana wazo lililomjia halikutosha kusemwa mtu ameketi.

— Sikilizeni! Huyu anatembea usingizini. Watu wamelala, yeye anatoka. Leo kaiba, kesho kaokoa mtoto mtoni, keshokutwa kafa!

— Halafu asubuhi nimefungua kibanda?

— Mazoea, bwana! Mtu aliyezoea kazi hata kifo hakimzuii.

Walicheka mpaka Mama Birika akalazimika kuweka birika chini. Fundi naye alicheka, lakini kiganja chake kilikuwa juu ya gurudumu la cherehani, na gurudumu lilikuwa baridi.

Ndipo alipofika mwanamke mwenye viatu vilivyojaa vumbi, simu mkononi. Fundi alimtambua kabla hajasalimia.

— Karibu, mwalimu. Sogeeni hapo, mpisheni mwalimu.

— Ahsante, nitasimama tu. Fundi, samahani. Nilisema nitakuja na vipimo, nikazuiwa.

— Ukazuiwa na nani?

— Na hii.

Akaiweka simu juu ya meza ya cherehani. Fundi, ambaye simu yake ni ya kupiga na kupokea tu, aliinama kuitazama. Akajiona. Ni yeye hasa, mlangoni hapo hapo, utepe shingoni, kichwa kimeenda nyuma, meno yote nje kwa kicheko. Chini ya kidevu chake kulikuwa na maandishi manene, na Honi akayasoma kwa sauti ndogo ambayo kijiwe hakikujua kwamba anayo:

— Polisi wamsaka tapeli wa ada za shule.

Mwalimu aliendelea taratibu.

— Mwenyekiti wa kamati aliituma kwenye kundi la wazazi. Mimi niliifungua, nikaisoma mpaka mwisho. Tapeli ni mtu mwingine kabisa, hata umri hamlingani, na ndani picha hii haimo. Ndiyo maana nikasema nije nikuulize kabla hawajakaa.

Fundi aliinua uso ili amuulize Tovuti, kwa kuwa jina la kituo chao lilikuwa pale juu. Akaona kikombe cha Tovuti kimesimama njiani, hakijafika mdomoni na hakirudi gotini.

— Tovuti. Hiki si kituo chenu?

— Ndicho.

— Na picha hii?

— Nilikupiga mimi. Siku ile Honi alikalia chaki yako, akaondoka na alama nyeupe kwenye suruali.

Akaweka kikombe chini na kuongea akivitazama viatu vyake.

— Kila habari inakuwa na picha inayosafiri nayo mtu anapoituma kwa simu. Mwandishi asipoweka picha, mahali pale panabaki patupu. Sasa wakati najenga ukurasa nilihitaji picha ya akiba, ya kushika nafasi tu. Hii nilikuwa nayo, mwanga wake mzuri. Nikasema nitaibadilisha kazi ikitulia.

— Na kazi haikutulia, alisema Mama Birika.

— Itatuliaje, mama? Habari inatakiwa ipande mtandaoni kabla mtangazaji hajafunga mdomo. Waandishi wanasahau picha kila siku. Na mimi ofisini siioni, kwa sababu kwenye ukurasa wenyewe inakaa nembo ya kituo. Hii inajitokeza habari ikishatoka nje, ikitumwa.

Fundi alifikiri kidogo.

— Kwa hiyo kila aliyekosa picha, alipewa sura yangu.

— Ndiyo, kaka.

— Yule wa hongera?

— Kuna mhandisi wa hapa mjini alipata tuzo.

— Na shemeji?

Tovuti alishusha sauti.

— Kulikuwa na habari ya msiba.

— Si nilisema amekufa! Honi alidakia, kisha akaona hakuna anayecheka, akaketi.

Tovuti alikuwa ameshafungua kompyuta magotini. Aliomba dakika chache tu. Picha anaitoa sasa hivi, ila lazima kitu kingine kikae pale, na nembo ya kituo haienei nafasi hiyo.

— Weka yangu, alisema Honi. Mimi sina soni.

— Halafu dereva mlevi agonge mtu? aliuliza Mama Birika.

— Basi weka birika lako.

— Thubutu! Wakikamatwa watia sumu, kahawa yangu atainywa nani?

Wakajaribu benchi, wakajaribu jiko, wakajaribu mbwa wa jirani. Kila walichokitaja kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na sababu. Mwishowe Tovuti akaweka rangi ya kijivu, tupu kabisa.

— Kijivu hakina shemeji, alikubali Honi.

— Tayari, alisema Tovuti, akashusha pumzi. Imekwisha.

Mwalimu alitazama simu yake, ambayo ilikuwa bado juu ya meza ya cherehani. Fundi alikuwa mle ndani bado, anacheka.

— Kwangu ipo.

— Zilizokwisha kutumwa siwezi kuzifikia, mwalimu. Zimo ndani ya simu za watu. Lakini nitaandika ufafanuzi leo hii hii, na mhariri nitamwomba usomwe hata kwenye taarifa ya jioni.

— Vizuri. Uandike.

Alisema hivyo kwa upole, kama anayempa alama mtoto aliyepata nusu ya hesabu, na hataki akate tamaa kwa nusu iliyobaki.

— Ila, baba, wale hawakufungua hata habari yenyewe. Ufafanuzi wataufungua?

Tovuti alifunga kompyuta. Honi alinyanyua kikombe chake akanywa, nacho kilikuwa kitupu. Mama Birika aliinamisha birika amwongezee. Likatoka tone moja lenye machicha.

Fundi aliwaza jinsi anavyocheka huko aliko, jikoni kwa watu, mifukoni mwa watu, mbele ya mama aliyepoteza ada ya mwanawe. Akainuka, akaifunika cherehani kwa kitambaa chake.

— Kamati inakaa saa ngapi, mwalimu?

— Sasa hivi wanakusanyika.

— Twende. Sura ni yangu, acha niipeleke mwenyewe.

Kibanda hakukifunga, alimwachia Mama Birika kwa jicho tu. Hatua mbili mbele akasimama.

— Na wewe mpiga picha, unabaki?

— Nakuja, kaka, alisema Tovuti, na tayari begi lilikuwa begani.

Walikuwa wameshafika kwenye lami Honi alipopata tena sauti yake.

— Fundi! Ukifika huko usicheke, watakutambua!

Fundi aligeuka ili amjibu. Kicheko kilimjia kama zamani, kichwa kikaanza kwenda nyuma. Kisha akaupeleka mkono mdomoni, akakifunika, akaendelea kutembea.