Papai Nililolikataa

Sogeeni, wanangu. Kiponda, kaa upande wa sikio langu zuri, na wewe Sidi andika ninavyosema, usininyooshee maneno. Nimesahihisha madaftari ya watoto wa watu miaka thelathini na mmoja, namjua mtu aliyepambwa anavyosikika. Nesi amesema nisiongee sana. Nesi hana wosia.

Ya vitu ni mafupi. Nyumba hii ya Gede ni yenu watatu. Nimesema watatu, Kiponda, usivute uso. Minazi isigawanywe, zigawanywe nazi. Vitabu vyangu vya hisabati wapeni shule, wakivikataa fungieni maandazi.

Sasa lile lililoninyima raha. Mnakumbuka tulipouza kiwanja cha marehemu babenu Ziro, kile cha barabarani, mkanipa fedha zote nizizalishe kwa sababu mama amesoma, nami nikaziingiza kwenye dhahabu, ile ya kununua na kuuza bei kwa simu, fedha yako kidogo na mkopo mkubwa wa dalali. Sikubahatisha, nilikuwa na njia. Kila siku nilichukua bei ya kufungia soko, nikapiga wastani wa siku kumi, wa hamsini na wa mia mbili, nikachora mistari mitatu kwenye karatasi ya grafu pale ukutani: mwekundu, wa buluu, mweusi. Mwekundu hushtuka upesi, wa buluu hufikiri kwanza, mweusi hauna haraka na mtu. Mwekundu ukiwa juu ya wa buluu, na wa buluu juu ya mweusi, soko linapanda, kaa humo utulie. Mwekundu ukiukata wa buluu kushuka, toka, usiulize. Kanuni hiyo niliiandika kwa herufi kubwa mimi mwenyewe, na kwa mwaka mmoja na nusu ilitulisha.

Macho yangu yalikuwa na mtoto wa jicho, mistari minene niliiona lakini tarakimu za simu sikuziona, kwa hiyo simu alishika Jefwa, kitinda mimba wangu. Kazi yake kubonyeza nikimwambia. Jumanne moja akasimama hapo mlangoni. "Mama, mwekundu umekata. Tutoke?" Nikamwuliza, "Mwenye shahada ya hisabati humu ni nani?" Akacheka, "Ni wewe, mama, lakini mstari haujui hilo." Nikakasirika. Nilikuwa nimekwisha kumtangazia shoga yangu Easter na wenziwe kanisani kwamba dhahabu itapanda mpaka Krismasi, na sikutaka kuonekana nimekosea. Siku tisa aliniuliza, siku tisa nikamwambia ngoja. Ya kumi bei ikaanguka, na kiwanja chote kikaenda kabla ya chai ya saa nne.

Mlipokuja mbio nikawaambia maneno haya, yaandike, Sidi: "Nilimwambia abonyeze, hakubonyeza." Nayo yalikuwa uongo. Kabla hamjafika nilibandua karatasi ile, nikachora nyingine, nikasogeza mahali mistari ilipokatana hadi siku ya mwisho, ionekane niliona siku hiyo na nikaagiza siku hiyo.

Baba yenu mdogo Nyale akasema wote wawili tulioishika biashara ile tule papai la kiraho, lile la kiapo cha mganga, mwongo avimbe midomo ajulikane. Jefwa akasema, "Leteni hata sasa." Mimi nikahutubia: nyumba ya mwalimu haiapishwi kwa matunda, jamani, tuko karne gani! Mkaona mama anatetea elimu, na zaidi mkaona mama anamficha mwanawe asivimbe. Wanangu, papai lile sikuliamini hata chembe, na bado niliogopa kulitia mdomoni. Jefwa alinitazama, akaelewa, akafunga mzigo wake akaenda. Mwaka wa sita huu anasukuma toroli la chumvi Gongoni kwa kosa langu, na wewe, Kiponda, hupokei simu yake.

Karatasi ya kwanza sikuichoma. Imo ndani ya lile bomba la plastiki juu ya kabati. Kesho, Kiponda, ipeleke Gongoni mwenyewe, usitume mtu wa bodaboda. Itandaze mbele yake, uweke kidole pale mistari ilipokatana, umwombe radhi kwa jina langu, kisha kwa lako. Haya yote asomewe Nyale, na Easter pia, yasimfikie yamepikwa. Nisizikwe kabla Jefwa hajaja. Akikataa msimlaumu... nizikeni, ila koleo lake lisimame, asilishike mtu.

Mungu awatangulie. Nambariki Jefwa kwanza, halafu Sidi, halafu wewe, Kiponda. Kuwa wa mwisho si adhabu... basi, ni adhabu kidogo.

Nipeni maji. Pole pole... Sidi, pale dirishani pana papai la mti wetu, halina mganga wala kiapo. Kata vipande vinne. Cha Jefwa kifunike. Changu kiwe chembamba... la, usinilishe, nitakishika mwenyewe.

Tamu.

Kiponda, fungua pazia, mwanga uingie. Sidi... shika kalamu. Nitazame midomo, mwanangu, usinionee haya. Andika unachokiona.